Mkwe Kwenye Pampu ya Mbugua

Nasro, muuza mitumba wa soko la Bungoma, hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akikunja gauni tu, akasema, "Mama Fridah, ati mkwe wako huko Kitale anawasha pampu na vidole. Swichi ilikufa, sasa yeye anashikanisha waya mpaka motor izunguke, halafu anaachilia. Watu wanamwita Swichi."

Sellah, mama yake Fridah, alicheka kidogo, akarudi kwake Bokoli. Lakini neno lile lilimganda. Akisonga ugali, anaona vidole. Akipalilia maharagwe, vidole. Mwishowe alifunga kuku miguu, akapanda gari la Kitale.

Fridah, mtoto mgongoni, alimpokea kwa habari njema. Tajiri wa mumewe, Mbugua, aliyeuzia mtaa mzima maji ya kisima, hatimaye alikuwa amenunua swichi mpya: kijiboksi cheusi cha elektroniki, kinachoipa motor nguvu ya kuanzia kisha kinajikata chenyewe. Asubuhi hiyo hiyo mumewe, Wabwile, alikuwa akikifunga, hapo nyuma ya nyumba yao.

"Mwambie awe mwangalifu," Sellah alisema.

"Si umwambie mwenyewe," Fridah akamtania, na wote wawili wakacheka, maana hilo haliwezekani. Kwao Wabukusu, mama mkwe na mkwe hawashikani mkono, hawaketi pamoja, wala jina la mkwe halitoki kinywani mwa mama. Kukiwa na neno, hupitia kwa binti.

Fridah akaenda kibanda cha duka cha jirani kutafuta mafuta ya kumkaangia kuku. Sellah akatoa kigoda nje, akakaa akiupa mgongo mlango wa nyumba ya pampu. Mbele yake kulikuwa na ukuta wa kando, na swichi kubwa ya stima imepigiliwa pale. Mkono wa swichi hiyo ulikuwa chini. Wabwile alikuwa ameushusha kuzima stima kabla hajaanza kazi.

Mbugua akaja, amekasirika. Getini mikokoteni ya maji ilikuwa imepanga foleni.

"Mama, mbona unaangalia ukuta kama mtoto amechapwa?"

"Ni heshima, baba. Ndani kuna mkwe."

"Heshima ama uoga? Basi ni ugonjwa wenu, bana. Huyo wako naye alitaka kutoa fyuzi zangu atie mfukoni, ati ndio akae salama. Nikamwambia fyuzi zangu hazitembei."

Ndani, kitu cha chuma kilianguka sakafuni. Mbugua akadhani ni kifuniko cha motor kinafungwa. Akausukuma mkono wa swichi juu. Motor haikuzunguka. Waya zilikuwa bado zimefunguliwa, na Wabwile alikuwa akiokota bisibisi.

"Kumbe bado amelala," Mbugua akasema, akafyonza. Akaenda getini kuwatuliza wenye mikokoteni. Mkono wa swichi akauacha juu.

Sellah aliuona. Kwake Bokoli taa ni ya mafuta. Hajawahi kugusa swichi maishani. Lakini chini ni kuzima na juu ni kuwasha, hilo alikuwa amelielewa.

Wabwile akatoka ndani, akaingia nyumbani kuchukua koleo, akarudi. Alipita nyuma ya Sellah, karibu kabisa. Alipomwona mama mkwe akainamisha kichwa na kuharakisha, kama adabu inavyotaka, asiutazame hata ukuta. Sellah naye akavuta leso usoni. Jina lilifika kwenye meno. Akalimeza. Akajiambia, Fridah hayuko mbali.

Akainuka, akakimbia kibandani, leso ikianguka njiani.

"Mwambie bwana yako stima iko juu."

Fridah akaacha chupa ya mafuta, akatimka. Akafika mlangoni na kusimama hapo. Wabwile alikuwa amelala ubavu, waya bado mkononi. Sauti iliyomtoka Fridah ndiyo iliyomleta Mbugua, akazima.

"Mimi nilidhani amemaliza," Mbugua akasema. Akarudia hivyo kwa kila aliyekuja, hata kwa mwenye mkokoteni aliyeuliza kama maji yatatoka leo.

Maiti ikiwa bado mochari, fundi mwingine aliletwa akafunga kile kijiboksi. Motor ikashika mara moja. Mtaa ukateka maji, na hakuna aliyeitwa Swichi tena.

Baada ya mazishi Fridah alimwuliza mama yake swali moja.

"Alipopita, ulikuwa umbali gani?"

"Karibu."

"Angekusikia?"

"Hata ningekohoa tu, angesikia."

Fridah akabeba mtoto wake, akahamia kwa shangazi yake Kachibora. Sellah akienda huko, chai analetewa na jirani, si na Fridah.

Kwa hivyo mwenye mtoto au mkwe fundi, amsomee haya ya kuepuka:

Usishikanishe waya kwa mkono badala ya swichi iliyokufa, hata tajiri akikusifu.

Usifungue motor kabla hujatoa fyuzi na kuzitia mfukoni mwako. Tajiri akikataa, rudi nyumbani.

Usiamini swichi uliyozima wewe, kama umeondoka hata kidogo. Irudie, pima waya tena.

Usiguse kapasita, kile chombo cha motor kinachohifadhi umeme, eti kwa sababu stima imezimwa. Hubaki na moto.

Usiwashe stima kwa kusikia kishindo. Ita, ngoja ujibiwe.

Usimtafute mtu wa kupeleka neno. Mwite mkwe kwa jina lake, kwa sauti, na aibu itafute pa kwenda.