Supu ya Boga Jikoni kwa Bucha

Mtaa mzima ulimwita Bucha, naye jina alilipokea kwa moyo mmoja, maana ndiyo kazi iliyomlea tangu ujana. Alikuwa na duka la nyama lenye vigae vyeupe na kulabu za chuma, na alijua kupasua ng'ombe kama fundi cherehani anavyojua kukata kitambaa. Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Jikoni kwake alikuwa mgeni wa kukaribishwa. Nyama aliileta yeye, mkewe akaipika, yeye akala, na mgawanyo huo wa kazi haukuwahi kulalamikiwa na yeyote kwa sauti.

Kisha mkewe akateleza bafuni akavunjika mkono. Alirudi kutoka hospitali na plasta ngumu kutoka vidoleni hadi kiwikoni. Kabla hawajazoea hali hiyo, binti yao wa pekee, aliyekuwa muuguzi katika mji mwingine, alipiga simu kusema kwamba Jumapili atakuja na mchumba wake kwa chakula cha mchana. Bucha alifurahi mno, akaanza kupanga kichwani ni paja gani atalitenga. Binti akavuta pumzi, akamalizia habari yenyewe: mchumba hali nyama. Si ng'ombe, si kuku, si samaki, na hata mchuzi uliopitiwa na mfupa haugusi.

Bucha aliweka simu mezani, akalirudisha paja kwenye kulabu kichwani mwake.

Dukani habari ilimtangulia. Muuza mkaa wa jirani alimuuliza kama siku ya harusi watu walete majani mabichi au makavu. Fundi viatu akataka kujua kama kweli binti anaolewa na mbuzi. Bucha alicheka nao, lakini cheko lake liliishia menoni. Moyoni kuna kitu kilimkera. Mtu anakuja nyumbani kwake kwa mara ya kwanza, na kitu pekee anachojua kumpa mgeni kwa ufahari hakiliki.

Mkewe hakuona tatizo. Alisema watapika supu ya boga, nzito na laini, ya tui la nazi, iliwe na mkate wa moto. Bucha akauliza nani atapika. Mkewe aliutazama mkono wake uliofungwa, kisha akaitazama mikono ya mumewe, yote miwili mizima.

Basi Jumapili asubuhi Bucha alifunga kanga ya mkewe kiunoni, akasimama mbele ya boga kubwa la rangi ya udongo lililokaa mezani kama mzee aliyenuna. Mkewe alijiwekea kiti karibu na mlango, mkono kifuani, akaanza kutoa amri kwa kidevu.

Kazi ya kisu haikumpa shida. Alilipasua boga kwa pigo moja, akakwangua mbegu na nyuzi zake kwa kijiko, akamenya ganda, akakata vipande vilivyolingana hivi kwamba mkewe, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alisema vimekaa vizuri. Bucha akavimba kichwa.

"Haya, sasa niletee mbuzi," alisema mkewe.

Bucha akamgeukia na kisu mkononi. "Si umesema huyo mtu hali?"

Mkewe akaelekeza kidevu sakafuni. Alikuwa anaomba mbuzi ya kukunia nazi, iliyokuwa chini ya meza, palepale ilipokaa miaka yote ya ndoa yao, na ambayo mumewe hakuwahi hata kuikalia. Alipoelewa, Bucha alijisemea kwamba watu wa mtaani wakiisikia hiyo, itabidi ahame. Akaikalia mbuzi, magoti yakamfika kidevuni, akakuna nazi kwa nguvu kama anayepiga msumeno. Mkewe akamwambia nazi imeshakufa zamani, asiiumize. Bucha akakamua tui zito akaliweka pembeni.

Shida ilianzia kwenye kitunguu. Bucha alitaka moto mkali, kitunguu kiive upesi wasonge mbele. Mkewe akamwambia apunguze, akoroge taratibu, asubiri mpaka kilegee na kuanza kunukia utamu. Alisubiri, akahama kutoka mguu mmoja hadi mwingine kama mtu aliye kwenye foleni. Kikafuata kitunguu saumu na tangawizi, kisha vipande vya boga, kisha maji ya kufunika tu. Boga lilipoiva hata likawa linavunjika kwa kuguswa na mwiko, mkewe alisema sasa lisagwe kwenye mashine ya juisi, kidogo kidogo, na mfuniko ashikilie kwa kitambaa kwa sababu mvuke una nguvu.

Bucha alisikia "lisagwe." Mengine yalimpita. Aliijaza mashine mpaka juu, akabonyeza, na mfuniko ukaruka. Boga lilifika ukutani, likafika kwenye kalenda, likafika darini, na tonge moja likamtua katikati ya kipara. Alizima mashine, akasimama wima, huku boga likimshuka taratibu kuelekea kwenye nyusi.

Mkewe alicheka. Tangu aanguke alikuwa hajacheka, alikuwa mtu wa kuguna na kulalama usingizi haumpati. Sasa alicheka mpaka akaushika mkono wenye plasta kwa maumivu, akaendelea kucheka, machozi yakimtoka. Bucha alipangusa kipara kwa kidole, akakilamba, na yeye mwenyewe akashindwa kujizuia. Walicheka pamoja kama vijana, na kila mmoja alipotulia alitazama dari, wakaanza upya.

Lililobaki walilisaga kidogo kidogo, mfuniko ukiwa umeshikiliwa kama shingo ya jogoo. Mkewe akaenda kubadilisha nguo, shughuli ambayo kwa mkono mmoja haikuwa ya haraka, akamwacha Bucha peke yake na sufuria.

Alionja. Uso ukamkunjamana. Kwa ulimi wake, ulioshinda miaka na supu ya mifupa, haya yalikuwa maji matamu ya uvuguvugu. Akilini alimwona mkwe akisukuma bakuli pembeni kwa adabu, na binti yake akiinamisha macho. Ndipo akaikumbuka supu ya mifupa ndani ya friji, aliyopewa jana na mama anayeuza supu karibu na duka lake. Upawa mmoja tu. Nani angejua? Alifungua friji, akachota, akasimama juu ya sufuria ya boga, mkono ukiwa hewani.

Pale aliganda. Katika maisha yake yote dukani, aliyeomba mbuzi hakupewa kondoo, na aliyeomba nyama bila mafuta hakufichiwa mafuta chini ya pande. Watu walimwamini wakafunga macho. Na huyu kijana atafunga macho vilevile, kwa sababu ni nyumba ya baba wa mchumba wake. Bucha aliirudisha supu ya mifupa kwenye bakuli lake, akafunga friji, akauosha upawa mara mbili.

Mkewe aliporudi alionja, akatikisa kichwa. "Mbona hata chumvi hujatia? Na tui je?"

Alimsimamia akatia chumvi, akamimina tui zito polepole huku akikoroga bila kupumzika, moto mdogo kabisa lisije likakatika, na mwisho akakamua ndimu. Supu ikageuka rangi, ikawa nzito, ikaanza kung'aa. Bucha alionja tena. Akaonja mara ya pili kwa kujifanya ana shaka. Mara ya tatu mkewe akamnyang'anya kijiko.

Wageni walifika jua likiwa kichwani. Bucha alikuwa amemtarajia kijana mwembamba kama ufagio. Aliyeingia alilazimika kuinama mlangoni. Alikuwa fundi lifti, mwenye mabega ya mbeba mizigo na sauti ya chini, akaamkia shikamoo baba, shikamoo mama, kisha akakaa kwenye kiti kwa uangalifu kana kwamba anakipima kama kitambeba.

Supu ikaletwa. Fundi lifti alishika kijiko, akainamia mvuke, akasita. Ilikuwa kidogo sana, lakini Bucha aliona. Kila siku aliona watu wakisita namna hiyo mbele ya pande la nyama wasilolijua.

"Kula, mwanangu," alisema. "Humo hamna kitu kilichowahi kutembea. Nilishawishika, sikufichi. Upawa wa supu ya mifupa nilikuwa nao mkononi. Nimeurudisha."

Mkewe akamgeukia, macho yamemtoka. Binti akaweka mkono mdomoni. Fundi lifti aliweka kijiko chini, akamtazama mzee, kisha akacheka taratibu mpaka meza ikatetemeka. Aliwaeleza kwamba tangu utotoni nyama haimshuki, na ndugu zake wamekuwa wakimtilia mchuzi kisirisiri ili wapate cha kucheka akishatapika. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia kabla hajala.

Alikula bakuli la kwanza bila kuinua kichwa. La pili alilisifia. La tatu aliomba mwenyewe, na mama mkwe akajua huyu ni mtu wa nyumbani. Bucha naye alikula, akachovya mkate, akapangusa bakuli hata halikuhitaji kuoshwa.

Baada ya chakula fundi lifti alijiweka sawa, akasema kwamba wazazi wake wangependa kuja mwezi ujao kuzungumza rasmi, kama nyumba itawapokea. Bucha alimtazama mkewe, mkewe akaitikia kwa kichwa, na binti akajifanya anakusanya vijiko.

"Waje," alisema Bucha. "Na wao je, wanakula nini?"

"Wao nyama, baba. Mzee wangu hasa."

Bucha alifikiri kidogo, huku akiikwangua sufuria. Akasema vizuri, paja lipo, lakini mgeni hafiki kwake akaondoka bila kuionja supu yake, na huyo mzee ajiandae. Mkewe akamuuliza tangu lini imekuwa yake. Bucha alikuwa ameshaanza kumweleza mkwe wake, kwa mikono miwili, namna nazi inavyokunwa.