Lori la Unga

"Chukua kazi ya lori la unga, baba watoto," mke wangu alinisihi. "Tangi la petroli litakulipua bure, na vita umeshaviacha." Nikamkatalia mwenye tangi, nikaenda kwa tajiri wa unga, bingwa wa maneno matamu: "Barabara yetu shwari, afande. Utaendesha huku unasinzia!"

Leo asubuhi amenikabidhi funguo. Nikafungua mlango wa lori. Sakafuni, mbele ya kiti cha dereva, imepangwa mifuko ya mchanga. Jeshini tuliipanga hivyo hivyo, tukipita penye mabomu yaliyotegwa ardhini.

"We tajiri! Mchanga huu wa nini?"

"Dereva aliyekutangulia alikataa kuuweka," akajibu, macho chini. "Mungu amrehemu."