Kiyoyozi Kilichotoka Ibri

Khairiya alikuwa na sifa Wete nzima ya kutokuwa na kinyaa. Mafundi wenzake wa viyoyozi, wanaume wote, wakikuta panya aliyeoza ndani ya mashine walimpigia simu yeye. Alikuja na glavu zake, akamvuta panya kwa mkia, akamfunga kwenye gazeti huku akiuliza habari za watoto. Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumamosi alipofika Gando kwa Bi Mwanawema, akavua viatu mlangoni na kupiga hodi, hakutegemea kwamba nyumba ingemtia kichefuchefu kabla hajafungua hata skrubu moja.

Uvundo ulimpokea ukumbini. Haukuwa wa panya. Wa panya aliujua. Huu ulikuwa mzito, na utamu-utamu ndani yake, kama kitambaa cha kuoshea vyombo kilichosahauliwa majini wiki nzima. Mtu aliwasha udi ili kuuficha, na udi ukauongezea ubaya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndo wewe fundi? Haya, karibu, karibu ndani." Bi Mwanawema alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sabini na kitu, mtandio kauvuta hadi puani. Alipomaliza kusema alikohoa, kikohozi kikavu cha mtu ambaye keshakizoea na hakiombei radhi tena.

Aliyemwita Khairiya alikuwa Masoud, mwanawe wa pekee wa kiume, aliyekuja likizo kutoka Omani. Alikuwa akiishi Ibri, mji wa ndani, jangwani, ambako kwa maneno yake mtu asiye na kiyoyozi hukauka kama dagaa kabla ya adhuhuri. Alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, na alizungumza akitembea, kama anayekagua jengo la serikali.

"Hii si ile ya ukutani waliyonayo watu," alisema, akionesha wavu mpana katika dari la chumba cha mama yake. "Mashine yenyewe imo juu ya dari. Ndivyo yalivyo majumba ya kule. Nilimletea mama kwa meli, mwaka wa tano huu. Sasa imechoka, inamdondoshea maji kitandani. Uitoe, uiweke ile nyengine niliyokuja nayo." Barazani lilikuwapo sanduku kubwa la bati, limezungushiwa nailoni.

Khairiya alitazama kitanda. Shuka lilikuwa na doa la rangi ya chai iliyochacha, na mto ulipinduliwa upande wa pili.

"Nshikie ngazi, kaka Masoud," alisema.

Alipanda, akavaa barakoa, akafungua wavu. Chujio lilikuwa nyuma yake, na halikuwa limeguswa hata siku moja. Alipolivuta halikutoka kama chujio. Lilitoka kama ngozi, na nyuma yake likaporomoka tope jeusi lenye nyuzi-nyuzi, likampita yeye begani na kumwangukia Masoud juu ya kofia na kanzu.

"Lahaula! Nini hii?"

"Shikilia ngazi."

Aliwasha tochi. Mchanga wa jangwani, laini na mwekundu, ulikuwa umejaa katikati ya mapezi ya alumini yanayopoza hewa. Huko Ibri ulikaa mkavu. Hapa ulikutana na unyevu wa Pemba ukawa udongo, na juu ya udongo kuvu ikaota, nyeusi na ya kijani, na mahali pengine nyeupe, yenye manyoya. Chini, kwenye trei ya maji, palikuwa na ute mzito uliotikisika kila alipogusa bati. Mijusi miwili ilikuwa imo humo, ngozi zake zimelegea na kuanza kuchunika. Upepo wa chumba cha Bi Mwanawema, miaka mitano, ulikuwa ukipita hapo.

Khairiya angeyastahamili yote hayo. Kilichomshinda ni kitu kidogo. Ndani ya mashine, kwenye mlango wa panka linalosukuma upepo, palibandikwa stika ya samaki wa katuni anayecheka, imekwanguliwa nusu na ukucha wa mtoto, na palikuwa na pipi iliyoyeyuka ndani ya karatasi yake yenye maandishi ya Kiarabu, na nywele ndefu zimejisokota kwenye mhimili. Mashine hii ilikwisha kuishi maisha ya watu wengine kabla ya kuja Gando. Aliteremka haraka, akapita ukumbini, akafika kwenye migomba nyuma ya nyumba, na akatapika.

Haikuwahi kumtokea kazini. Alisukutua kwa maji ya ndoo, akakaa juu ya jiwe. Aliona haya, kisha haya ile ikageuka ikawa ya jambo jengine, kwa sababu alikumbuka duka moja la Konde alikofunga mashine ya mtumba ambayo ndani ilikuwa hivi hivi. Mwenye duka alimwambia aioshe juu juu, naye akaiosha juu juu, akafunga skrubu, akaondoka. Hakuwahi kuulizia afya ya wanaokaa mle. Sasa alijiona naye ana ute ule mikononi.

Aliporudi, hakwenda chumbani. Alikwenda barazani na kuanza kukata nailoni ya ile mashine nyengine.

"Hiyo usiifungue," alisema Masoud. Alikuwa akijifuta kofia kwa gazeti, na kila akifuta doa lilitanuka. "Hiyo nzima. Ipandishe tu."

"Sipandishi mashine sijaiona ndani."

Alifungua bati la pembeni. Mchanga ulimwagika sakafuni, mkavu, ukifuatwa na harufu ileile, changa zaidi. Kuvu ilikuwa imekwisha kushika kona zote.

"Kaka Masoud, hii nayo imeoza."

"Haijaoza. Tumeitumia miaka sita tu." Aliushusha mkono uliokuwa na gazeti. Alizungumza kwa uvumilivu, kama anayemfahamisha mtoto wa skuli. "Ilikuwa chumbani kwetu. Moza, mke wangu, alishikwa na kifua, daktari wa kule akatwambia tuiondoe nyumbani, kuvu yake haitoki hata kwa dawa. Lakini hiyo ni kwa yeye, ana pumu. Tumenunua mpya. Hii wewe ioshe kwa maji ya moto, utie na dawa ya chooni, itafanya kazi. Mama hana pumu."

Bi Mwanawema alikuwa kasimama mlangoni na sinia la chai. Hakuna aliyejua alisimama tangu lini. Aliliweka sinia chini polepole, na vikombe havikugongana.

"Na ile ya mwanzo?" aliuliza. "Ile ilitolewa chumba gani?"

"Mama, ile ilikuwa..."

"Nambie chumba."

"Cha watoto," alisema Masoud.

"Walikuwa wakikohoa?"

Masoud alirudi kuifuta kofia. Khairiya alitazama bisibisi mkononi mwake, kwa kuwa hakutaka kumtazama yeyote kati yao.

"Uliniambia mpya," alisema Bi Mwanawema. "Ukawaita majirani waje kukaa chini yake. Bi Asya alikuja na mkeka wake." Alimshika mwanawe mkono, ule mchafu, akamwongoza nyuma ya nyumba. Khairiya alibaki, lakini bibi akageuka: "Njoo na wewe, fundi. Uone."

Palikuwa na banda la kuwekea karafuu, la matofali, dirisha moja dogo. Katikati ya magunia palitandikwa godoro jembamba, na chandarua kimefungwa kwenye misumari. Kwenye dirisha ilikuwapo chupa ya maji, tasbihi, na dawa ya kifua ya maji iliyobaki kidogo. Humu ndani ndimo pekee, katika nyumba nzima, mlimokuwa na hewa ya kuvuta kwa raha.

"N'nalala hapa," alisema. "Ukija likizo narudi kule, nawasha, unafurahi. Ukiondoka nahama tena."

"Miaka mitano? Kwa nini hukunambia, mama?"

"Ntakwambiaje? Ulisimama nje ya msikiti ukawaambia watu mamaangu analala baridi kama ntu wa kasri. Nikaona aibu kukwambia zawadi yako yanuka."

Khairiya alitegemea Masoud ataanguka miguuni kwa mama yake. Hakuanguka. Uso wake ulijikunja, akamgeukia fundi. "Umeridhika? Umekuja kufanya kazi au kunifitinisha na mzee wangu?" Halafu, kabla hajajibiwa, akaipata njia ya kutokea, na sauti yake ikachangamka. "Basi. Mama haitaki, sawa. Nitaipeleka madrasa ya pale juu. Watoto wanapigwa na joto mle. Itakuwa sadaka."

Bi Mwanawema alitema mate chini. Alikuwa mwanamke ambaye hata pilau ikiungua hukaa kimya, na mate yale yalimrudisha Masoud hatua moja nyuma.

"Sadaka? Kitu alichokikataa mkeo, na mamaako kakikataa, ndo umpe Mungu?" Alikohoa, akasubiri kikohozi kimalize. "Fundi. Ivunje."

"Bibi?"

"Ivunje isitengenezeke. Zote mbili. Nakwambia mie, mwenye nyumba."

Khairiya alimtazama Masoud. Kisha akaenda barazani.

Ile ya barazani haikuwa na gesi. Hilo alilihakikisha kwanza. Kisha akachukua mkasi wa kukatia bati na nyundo. Alikata mapezi kutoka juu hadi chini, akakata mabomba ya shaba mahali ambapo hayaungiki, akaupiga mhimili wa panka hadi ukapinda. Kila pigo lilitoa vumbi na kuvu, na alifanya kazi yake ameziba pumzi, akigeuka pembeni kuvuta hewa. Hakuona raha. Ilikuwa ni kama kuchinja mnyama mgonjwa. Alitaka tu ile kazi imalizike na mikono yake ioshwe. Hata hivyo alipiga mara mbili zaidi ya ilivyohitajika, na zile mbili, nafsini mwake, zilikuwa za duka la Konde.

Ya juu ya dari ilimlazimu kuitoa gesi yake kwanza, kisha kuiteremsha vipande vipande. Masoud alishika ngazi. Hakuna aliyemwomba. Alipokea mkononi trei iliyojaa ute, mijusi ikiwa imo, akaibeba mwenyewe kwa mwendo wa mtu aliyebeba mtungi uliojaa, akaenda kuimwaga katika shimo alilochimba mbali na kisima. Njiani iliteleza ikammwagikia kifuani. Khairiya alimsikia akitapika huko kwenye migomba, mara ya kwanza, ya pili, kisha jembe likaendelea.

Adhuhuri ilipopita, tundu la dari lilikuwa limezibwa kwa ubao, na madirisha yote mawili, ambayo yaligandishwa kwa gundi ili baridi isitoke, yalikuwa wazi. Upepo uliingia na harufu ya majani. Khairiya aliahidi kurudi Jumatatu na panka la dari, jipya, ndani ya boksi lake, na bibi ndiye atakayelifungua. Masoud alikuwa amepiga magoti chumbani na brashi, akisugua kuta kwa sabuni. Katikati ya kusugua alisema, bila kunyanyua kichwa, "Mama, hicho kifua utakwenda hospitali kesho. Pamoja na mimi." Na mama akasema, "Ntakwenda."

Bi Mwanawema alipakua muhogo wa nazi na samaki changu wa kukaanga, akatandika mkeka barazani, upande uliokwisha kufagiwa.

"Masoud! Njoo ule."

Masoud alitoka, akaenda kisimani, akanawa kwa sabuni hadi viwikoni. Akanusa vidole. Akanawa tena. Akanusa. Alikuja akaketi ukingoni mwa mkeka na kuitazama sahani.

"Siwezi, mama. Nasikia harufu bado iko mkononi."

"Basi kaa tu," alisema Bi Mwanawema. Akamsogezea fundi kichwa cha changu, akamega muhogo, na akaanza kula.