Daraja la Mita Nne

Bodi ya shirika la Mkono kwa Kaya ilikutana Jumatano ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi, katika chumba kilicho nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la Hilali, mjini Kasulu. Wajumbe walikuwa saba. Sita walifika kwa gari au bodaboda, viatu vikavu. Wa saba, Dorcas Ndayikeza, mkulima wa mihogo na maharage kutoka Heru Juu, alifika kwa miguu, viatu mkononi. Katiba ya shirika ilitaka mjumbe mmoja atoke kwa hao wanaosaidiwa, na bila yeye akidi haikutimia. Kwa hiyo walimheshimu sana.

Kati ya kitongoji chake na barabara ya kwenda hospitali ya Kabanga unapita mto Nyakabuye. Kiangazi mbuzi anauruka. Masika unamchukua mbuzi. Wagonjwa huvushwa kwa ingobyi, machela ya miti na matete ambayo wanaume wanne huibeba mabegani, na hata wanaume wanne hawavuki maji yakiwafika kifuani. Watu walimchagua Dorcas kwa jambo hilo moja tu: akaombe daraja. Tena Winnie, mke wa mwanawe wa pekee, alikuwa na mimba ya kwanza na angejifungua mwezi wa tatu.

Novemba, aliposimama kusema, maji yalianza kutoka kwenye pindo la kitenge chake. Alidhani ni yale aliyoyavuka mtoni. Lakini alipofika kwenye neno "tunaomba", yalikuwa tayari chini ya meza, mekundu kwa udongo wa Heru Juu, yakielekea stoo. Wajumbe waliinua miguu. Mwenyekiti, Mzee Sylvesta, bwana shamba mstaafu, alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa mchango mzuri, akasema suala hilo lichukuliwe. Lichukuliwe na nani, hakusema. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Haya Mwanaamina, mhudumu wa ofisi, aliyazoa kwa dekio na ndoo mbili kabla chai haijapoa. Katibu akaandika kwenye muhtasari: "Kulikuwa na maji."

Desemba mto uliingia naye mlangoni, na mawe yake na matete yake, ukakaa katikati ya chumba. Kiti cha Dorcas kilibaki upande wa mlango; meza, wajumbe sita na chupa za chai vilikuwa ng'ambo. Mwanaamina alimvushia kikombe akiwa amekunja gauni. Januari Mzee Sylvesta alijaribu kuuruka, akateleza, na kiatu chake kilikutwa dukani kwa Hilali kati ya makopo ya rangi.

Basi Februari ajenda ikaja: ujenzi wa daraja chumbani. Mita nne, mbao za mninga, kamba za kushikia pembeni. Watu husema mashirika ni mazito kuamua. Wanayasingizia. Yakilowa miguu yanaamua, na hili liliamuliwa kwa dakika kumi na moja.

"Mama Dorcas," alisema mwenyekiti, "wewe ndiye jamii yenyewe. Unaunga mkono?"

Dorcas alijua vizuri ni daraja gani. Hakuna aliyemdanganya, na hilo ndilo lililomuuma baadaye. Aliwaza kwamba mtu akizoea kuvuka daraja lake kila mwezi, ipo siku, akiwa juu yake, atalikumbuka la mwenzake. Akanyoosha mkono, wa kwanza kuliko wote.

Jioni alimkuta shemeji yake Bazilio, kiongozi wa wabebaji wa ingobyi, akiloweka mihogo ukingoni.

"Mwiriwe, shemeji. Daraja vipi?"

"Limepita."

"Imana ishimwe, Mungu ashukuriwe! Tukate magogo lini?"

"Limepita la kule ofisini. Mto umefika kule."

Bazilio aligeuzageuza mihogo yake majini. Kwamba mto umefika mjini hakukumshangaza. Mto huenda unakotaka.

"Na wewe ulisemaje?"

"Nilinyoosha mkono."

"Haya, shemeji," alisema. "Vuka taratibu, leo kuna utelezi."

Angemtukana, ingekuwa nafuu.

Jumatano ya kikao cha Machi, Dorcas alivuka alfajiri, maji yakiwa magotini. Mvua ilishika milimani saa mbili. Alipofika Kasulu, daraja lilikuwa limekamilika na kupakwa rangi ya bluu, na wageni kutoka tawi la Kibondo walikuwa wakilipiga picha. Mjumbe wao wa kutoka Kitahana alikuwa ameanza kuja na mto pia, kwa hiyo waliomba mchoro.

Kikao kilipokuwa kwenye yatokanayo, maji yalipanda mpaka yakagusa mbao. Vilipita vipande vya matete yaliyosukwa. Kisha ikapita kofia ndogo ya sufu, ya njano, ambayo Dorcas aliifuma mwenyewe kwa ajili ya mjukuu. Alipanda darajani, akapiga magoti, akaiokota, akaikamua.

"Pole, mama," alisema mwenyekiti. "Tunaweza kuendelea?"

Dorcas aliondoka kabla ya mengineyo. Waliendelea, maana akidi ilikuwa imeshatimia.

Alifika mtoni saa nane, maji yakianza kupungua. Ng'ambo, Bazilio na wenzake watatu walikuwa wamesimama tangu saa tatu, ingobyi bado mabegani, kana kwamba kuitua ni kukubali. Winnie alikuwa juu yake, hai, ameufumba mdomo. Mtoto alikuwa amezaliwa pale pale ukingoni, juu ya ingobyi, wa kike, na hakulia.

"Tulijaribu mara tatu, shemeji," Bazilio alipaza sauti. "Kofia yake ilituponyoka."

"Ninayo," alisema Dorcas.

Majuto ni mjukuu, husemwa, huja baadaye. Kwa Dorcas yalikuja hayo peke yake. Mkono ule alioinyooshea ofisi alianza kuuficha chini ya kanga, hata mbele ya watu waliomwambia wazi kwamba si kosa lake.

Aprili alirudi kikaoni. Heru Juu walimwambia kiti kile akikiacha wazi, watakikalia hao hao wa mjini. Alisimama, akaomba daraja, akasema na habari za mtoto. Walinyamaza dakika moja kwa heshima, wakamshukuru kwa mchango, suala likachukuliwa. Kisha wakamwomba avuke aje kusaini karatasi ya mahudhurio.

Akashika kamba. Alitamani mbao zilie chini yake, hata ubao mmoja, lakini fundi alikuwa mzuri na daraja halikutikisika. Alisaini, akarudi kwenye kiti chake. Katibu aliandika kwamba wajumbe wote saba walivuka salama.