Uwanja wa Uani kwa Bi Kazija

Shangazi yangu, Bi Kazija, alikuwa na sharti moja kuhusu netiboli: nicheze ndani ya ukuta wetu, asinione mtu. Kwenye uwanja wa Jadida, walikokuwa wakicheza wenzangu, alinikataza kwenda tangu nilipoacha shule darasa la tano. Sikubishana naye. Miaka sita nilirusha mpira peke yangu kwenye ukuta wa choo.

Ndiyo maana kaka Nyange alipotuma nyasi za plastiki kutoka Maskati, nililia. Kazi yake huko ni kutandika viwanja, na mabaki aliyopewa aliyakunja marobota matatu akayapakia melini.

"Wema," aliniambia kwa simu, "uani kwetu panatosha uwanja mdogo. Waite na wenzako."

Fundi tuliyempata alikuwa Jecha wa Wawi, hodari wa vigae. Nyasi hizo alikuwa hajapata kuzigusa, ila hakusema. Alisawazisha udongo, akamwaga kokoto na mchanga, akashindilia siku mbili. Siku ya tatu akatandaza vipande vyote vitatu, akaanza kuviunga kwa gundi. Nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Niliona majani ya kipande cha kati yamelalia upande wa ukuta, na ya vile viwili vya pembeni yamelalia upande wa nyumba. Nikafumbua mdomo.

"Karibu chai, fundi," nikasema.

Gundi ilipokauka, uwanja ulikuwa na rangi mbili, kama nguo iliyotiwa kiraka. Kaka alipoona picha akaguna. "Cha kati kimegeuzwa. Hapakuwa na mtu wa kumwambia?"

Nikamuaga. Goli lilikwisha simikwa, na Time, rafiki yangu, aliahidi kuja Ijumaa na wasichana sita. Rangi mbili si neno, nilijiambia. Mpira hauoni rangi.

Wiki hiyohiyo uchumaji wa karafuu ukaanza. Jumatano asubuhi nilirudi kuteka maji, nikamkuta shangazi miguu mitupu katikati ya uwanja wangu, anamwaga karafuu mbichi kutoka kwenye pakacha.

"Tazama jamvi alilotuletea kaka yako!" akaniambia. "Halina tundu hata moja. Na joto lake! Hebu weka mguu."

"Shangazi, hilo..."

"Nini?"

"La moto."

"Ndiyo raha yake hiyo!"

Adhuhuri jirani yetu, Bi Mwanapili, akaja na mapakacha yake mawili. "Kazija, nami nisitiri kijipembe." Kijipembe hicho kilikuwa nusu ya uwanja. Alhamisi karafuu zilifika mpaka mguuni mwa goli, na kazi ya kuzipindua ilikuwa yangu.

Jioni ya siku ya kwanza, Jumatano ile, tulipokuwa tukizikusanya, nilinusa viganja vyangu. Chini ya harufu ya karafuu palikuwa na nyingine, kama ya kandambili mpya zilizosahauliwa juani. Nikanusa tena. Nikamwendea shangazi. Alikuwa akicheka na Bi Mwanapili, wote wawili wamefurahi kwa namna karafuu zinavyokauka upesi. Nikarudi, nikanawa mikono.

Ijumaa Time alikuja na wenzake, mpira kaufunika kwa buibui.

"Huu ndio uwanja?" akasema. "Yakhe, tumekuja kucheza au kuchambua?"

"Subirini wiki moja."

"Wiki ya karafuu? Naijua mimi. Haishi mpaka makonyo yaishe."

Walitusaidia kuchambua kidogo, kutenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, kwa adabu tu, kisha wakaenda Jadida. Nikawasikia wakicheka njiani. Nikachukua reki nikaendelea kupindua. Nilipindua kwa hasira, karafuu nyingine zikarukia ukutani.

Wiki iliyofuata shangazi alipeleka magunia kwenye kituo cha kununulia karafuu, ya kwake na ya Bi Mwanapili. Yakarudi yote. Mpimaji alitia mkono, akanusa, akamwuliza mbele za watu kama alizianika juu ya matairi.

Shangazi hakuvua hata buibui. Alipita jikoni, akatoka na kisu.

"Nalikata hili dude. Nalifanya la kufutia miguu!"

Akainama penye maungio. Nami nikaja nikasimama juu ya maungio hayo.

"Toka, Wema."

"Sitoki."

Akainuka taratibu. Nadhani hakuna kati yetu aliyewahi kunisikia nikilitamka neno hilo.

"Huu ni uwanja, shangazi. Si jamvi. Nilinusa tangu siku ya kwanza, nikajua zitaharibika."

"Siku ya kwanza?"

"Ndiyo."

"Ukanyamaza. Ukazipindua siku zote hizo, wanitazama." Mkono wenye kisu ukashuka. "Kumbe mdomo unao. Ulikuwa wapi Jumatano?"

Shangazi akakaa kizingitini.

"Na Mwanapili nitamwambia nini mie?"

"Nitakwenda mimi."

"Wewe?" Akacheka bila furaha. "Utamkaribisha chai, kama ulivyomfanya fundi."

Akaingia ndani, kisu akakiacha pale chini. Nikapiga magoti nikaanza kuokota makonyo yaliyozama kwenye nyasi, moja moja. Yalinichoma vidole. Sikumaliza hata kipande cha kwanza. Nikakiokota kisu, nikakirudisha jikoni, nikajitanda kanga nikatoka.

Mlangoni kwa Bi Mwanapili nikabisha hodi. Sauti yangu haikutoka. Nikabisha tena.