Kitanda cha Mama Mkwe

Miaka ishirini na sita niliendesha lori la mahindi kutoka Kitale, kwa hivyo mtu asinifundishe springi. Ndivyo nilivyomjibu Kipkirui, fundi wangu, aliponishauri kuhusu gari-nyumba langu. Ni basi dogo kuukuu nililoling'oa viti, nikaweka jiko, sinki na kitanda, ili nizunguke na mke wangu Nekoye sasa kwa kuwa nimestaafu. Tatizo ni kwamba kwenye kona liliyumba kama mlevi wa busaa.

Na safari ya kwanza haikuwa ya mchezo. Binti yetu Nabwile alikuwa anafuzu Chuo Kikuu cha Kibabii, kule Bungoma, na nyanya yake, mama mkwe wangu, alikuwa ameapa kumwona. Tangu aanguke miaka minne iliyopita, mgongo wake hauwezi kiti, na alikuwa hajatoka Kachibora anakoishi. Ama asafiri amelala, ama abaki nyumbani akilia.

Kipkirui alitaka nibadilishe shokabsoba na kufunga stabilaiza, kile chuma kinachounganisha magurudumu ya pande mbili ili gari lisilalie upande kwenye kona. Nikaona anataka kuniuzia urembo tu. Nikamwamuru aongeze vyuma vitatu vya springi kila upande, kama tulivyozoea kufanya msimu wa mavuno. Akanitazama, akafunga.

Nikalijaribu hadi Kiminini. Halikuyumba hata kidogo. Nilirudi nikipiga mluzi, nikamcheka fundi mbele ya watu.

Nekoye hakucheka. Aliniuliza kama nimelala kitandani nikasikia kulivyo. Swali gani hilo? Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa kwa ajili ya mama yake, na sisi Wabukusu hatukalii kitanda cha mama mkwe. Hata mkono hatupeani. Tangu shuka ziwekwe, sikuwa nimekanyaga kule nyuma.

Akazikusanya shuka, akatoa na godoro la mama, akaweka letu.

"Sasa ni kitanda yako," akasema. "Lala hapo, Kipkirui aendeshe. Si wewe ndiye unajua springi?"

Tuta la kwanza lilinirusha, kichwa kikagonga kabati. La pili nililisikia kiunoni. Vyuma vile vilitengenezewa magunia mia, na mimi nilikuwa nimemwandalia mgonjwa mmoja mwembamba. Kufika la tatu nilikuwa nimeshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, nikimwomba Kipkirui asimame. Aibu niliyoiona, wacha tu. Nilimwomba msamaha papo hapo barabarani. Alitoa vile vyuma, akafunga alichotaka tangu mwanzo.

Siku ya mahafali mama alilala nyuma ya pazia, Nekoye kando yake, nami nikahesabu matuta yote hadi Bungoma. Hakulalamika hata mara moja. Alimwona Nabwile na joho lake, akapiga vigelegele mpaka watu wakageuka.

Nilipowasha injini turudi, Nekoye akaja mbele polepole. Mama alikuwa amemtuma. Ana dada yake Lwakhakha, mpakani na Uganda, hawajaonana tangu aanguke, na kwenye simu walikuwa wameshaagana kwamba watakutana mbinguni.

"Anauliza," Nekoye akasema, "kama hii gari inaweza kufika huko."

Nikamwambia ampigie mama mdogo simu, aweke maji ya chai.