Nukta ya Njano

Nikawekewa tena kidevu kwenye kiegemeo cha plastiki cha mashine ya kupimia macho. Jicho la kushoto, ambalo halina kazi tangu zamani, likazibwa, na la kulia likaambiwa litazame nukta ya njano katikati ya bakuli jeupe, pana kama karai la kufulia. Taa ndogo zingewaka huku na huku. Nikiona, nibonyeze kitufe nilichoshikishwa mkononi.

"Nimeshafanya hiki kipimo, mwanangu," nilimwambia mpimaji. "Au mashine yenu ni sahaulifu kunishinda?"

"Haisahau, bibi. Haielewani na mwenzake tu."

Huo ndio uliokuwa ugomvi. Mashine ya picha ilionyesha kwamba nyuma ya jicho langu, upande wa juu, nyuzi za kuonea zimekonda. Nyuzi za juu zikikonda, daktari alisema, macho hupoteza vilivyo chini. Lakini hii ya taa ilisema naona kila mahali. Basi ikawa "tunashuku ugonjwa", leo tunashuku, mwezi ujao tunashuku. Binti yangu alichoka kushuku.

"Mama, hadi mashine zao zikubaliane, mtoto humvushi barabara."

Mjukuu wangu wa chekechea! Sasa anapelekwa na jirani anayemburuta kama mfuko wa viazi, nami nabaki mlangoni, nimefura.

Taa zikaanza. Nikabonyeza, nikabonyeza. Ghafla mpimaji akasimamisha mashine.

"Bibi, jicho lako linatembea."

"Linazitafuta taa."

"Usizitafute! Tulia kwenye nukta."

"Kitu nisichokitafuta nitakionaje?"

"Hilo ndilo tunalopima."

Nilitaka kumrushia kile kitufe. Maisha yangu yote nimetafuta: vifungo chini ya vitanda, mawe kwenye mchele, watoto wangu katika kundi la watoto wa watu. Leo bidii imekuwa kosa! Kumbe jicho lilikuwa likikimbilia kila taa na kunificha mimi mwenyewe upungufu wake.

"Tunaanza upya," alisema kwa mkato.

Nikalikaza jicho pale pale kwenye nukta. Taa za juu zikaja, nikabonyeza. Kisha taa hakuna. Nikangoja, kidole kikiwashwa.

"Umeme umekatika?"

"Inaendelea, bibi. Usizungumze."

Nilitegemea giza, kitu cheusi mithili ya pazia. Hapakuwa na giza. Chini ya nukta palikuwa peupe, safi, kama hapajawahi kukosekana kitu. Mashine ilinong'ona, ikanong'ona tena, na kila mnong'ono ulikuwa taa iliyokuja ikapita bila mimi.

"Mwanangu," nikasema. "Mtoto wa chekechea, nikimshika mkono, kichwa chake huangukia wapi kwenye hili bakuli?"

Nilisikia kiti chake kikilia.

"Tazama nukta, bibi," alisema, taratibu safari hii.

Nikaitazama.